Juu ya Wale Wasemao Kaya Zife

Yako maneno yanayozunguka siku hizi miongoni mwa Wakristo wa pwani ya Kenya, kutoka Kwale hata Kilifi, nayo husemwa kwa sauti kubwa na watu wanaojidai kuwa wao ndio waliosimama imara katika imani. Husema ya kuwa Mkristo hana sehemu wala fungu katika kaya. Ya kuwa halmashauri za wazee zinazoilinda misitu ile ni mabaraza ya giza. Ya kuwa vigango vilivyoibwa na kupelekwa ng'ambo vilikwenda kwa heri, maana vingalikaa vingaliturudisha nyuma. Na ya kuwa mwalimu akionekana ameketi na wazee hao, daftari mkononi, akiandika habari zao, basi huyo ameiacha Injili. Sisi twasema maneno hayo si ya kweli, tena yana madhara, nasi twataka kuonyesha madhara yake.

Kwa ajili ya wasomaji wetu wa bara ambao hawajapata kuiona kaya, yatupasa kueleza kidogo. Kaya ni mji wa zamani uliojengwa ndani ya msitu. Wamijikenda ni kabila tisa, yaani Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Na wazee wao husimulia ya kuwa walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia adui, wakajenga miji yao juu ya vilima penye miti mikubwa. Mji ulikuwa katikati, penye uwazi. Msitu ukauzunguka kama boma. Njia za kuingia zilikuwa chache na nyembamba, zenye malango. Na fingo, kilinzi cha mji, ilifukiwa humo. Baadaye, hatari ilipopungua, watu walitoka kidogo kidogo wakajenga karibu na mashamba yao, na ilipofika miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazikaliwi tena. Ila msitu haukukatwa. Haukukatwa kwa sababu moja tu, ya kwamba baraza la wazee, ambalo kwa desturi huitwa kambi, lilikataza.

Jambo hili watu hulipita mbio, nasi twaomba tulisimamie. Tazameni pwani nzima: palipokuwa na msitu sasa pana minazi, na mihindi, na mikorosho, na hoteli, na mashimo ya mawe ya kujengea. Palipobaki miti ya asili, mara nyingi mtakuta ya kuwa ni kaya. Wataalamu wa mimea walipoingia humo wakaikuta miti ambayo kwingine haipatikani tena, au yapatikana kwa shida. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianzisha mwaka 1992 idara ya kuhifadhi misitu ya pwani, ili ifanye kazi pamoja na wazee. Mwaka 2008 shirika la UNESCO likaziandika kaya katika orodha ya urithi wa dunia, jumla ya hekta 1,538, zilizotawanyika katika mwendo wa kilometa 200 hivi za pwani. Na mwaka 2009 likaziandika mila zenyewe za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa upesi. Mtu aliyesoma akisikia habari hizo hujivuna, husema, "Urithi wetu umetambuliwa na dunia." Lakini dunia haikuulinda msitu ule. Waliulinda wazee wasiojua kusoma, wasio na mshahara, wenye sheria chache wanazozishika kweli: mti haukatwi, ng'ombe hachungwi humo, njia haiachwi, na asiyeruhusiwa haingii. Hao ndio ambao baadhi yetu huwaita washenzi.

Huko Kinondo, katika nchi ya Wadigo, wazee walifanya jambo la akili. Tangu mwaka 2001 huwapokea wageni na kuwaongoza ndani ya kaya. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kwanza, huelezwa miiko, hupita njia aliyoonyeshwa, husimuliwa habari za mji na dawa za miti, kisha hutoa fedha, na fedha hizo husaidia mambo ya kijiji. Hivyo urithi umehifadhiwa, tena umegawiwa wengine wapate kujifunza. Twajua wako wanaocheka kaniki ile. Watu hao hao wakiingia msikitini huvua viatu, na wakiingia mahakamani huvua kofia, wala hawaoni kichekesho.

Sasa tuje kwenye vigango, maana hapo ndipo maneno ya ndugu zetu yalipotenda uovu ulio wazi.

Kigango ni mti mgumu, usioliwa upesi na mchwa, uliochongwa bapa na kutiwa nakshi za pembe tatu, mara nyingine wenye kichwa cha mviringo. Husimikwa kwa ajili ya mzee aliyekufa ambaye alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima miongoni mwa Wagiriama na jirani zao. Kwa desturi, marehemu humtokea mtu wa nyumba yake katika ndoto na kudai kukumbukwa. Ndipo jamaa hukusanyika, hutafuta fundi, hugharimia karamu, na kigango husimikwa. Kikisha simikwa hakiondolewi. Jamaa wakihama, kigango hubaki mahali pake mpaka kioze chenyewe.

Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda mrefu vigango vile vikaibwa. Mzee alihuzunika sana, akafa bila kuviona tena. Miaka mingi baadaye, katika mkutano wa wataalamu, yule aliyempiga picha akaonyeshwa picha za vitu vilivyomo katika jumba la makumbusho la Illinois, akakitambua kigango kimojawapo. Cha pili kikaonekana katika jumba la makumbusho la chuo cha Hampton, katika Virginia. Nao wataalamu walipoendelea kuhesabu, wakakuta ya kuwa vigango vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya Marekani ni mamia. Vingine vilikuwa vimepambwa nyumbani mwa matajiri na wachezaji wa sinema, kisha wakavitoa sadaka kwa makumbusho.

Tuulize, ni nani aliyeviiba? Si Mzungu aliyekuja usiku na taa. Walioviiba walikuwa vijana wa kwetu, wenye kujua njia na wenye kujua saa ambayo mzee amelala. Waliving'oa wakavipeleka kwa wachuuzi wa mjini, wakapewa fedha kidogo, na kule ng'ambo kigango kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Na kijana aliyekuwa na wasiwasi moyoni, kwa kuwa babu yake alimfundisha kuogopa mahali pale, alikuwa tayari na maneno ya kujitetea. Maneno hayo aliyapata kwetu: ya kwamba kigango ni sanamu tu, ni kitu cha giza, na kukiondoa ni kazi njema. Mhubiri hakutia mkono katika wizi, lakini aliyenoa panga na aliyelitumia hawako mbali sana.

Ndugu zetu hutujibu kwa Maandiko, nasi twawasifu kwa kuleta Maandiko, maana ndiyo mahali pa kupimia neno. Hutukumbusha Gideoni, aliyebomoa madhabahu ya baba yake, katika Waamuzi sura ya 6. Hutukumbusha tena mfalme Hezekia, katika kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 18, aliyeivunja nyoka ya shaba ingawa Musa mwenyewe ndiye aliyeifanya, kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Hoja hii si ndogo, wala hatutaki kuipita kando. Ni kweli ya kuwa penye vigango palitolewa sadaka, na pombe ilimwagwa, na wafu waliombwa. Mkristo hawezi kufanya hayo, na mzee wa kaya mwenye busara hamtaki ayafanye. Humtaka tu aheshimu mahali.

Lakini tazameni vema jinsi Hezekia alivyofanya. Alikuwa mfalme katika nchi yake, na kitu kile kilikuwa mali ya taifa lake. Akakivunja kama mfalme. Hakuingia usiku katika uwanja wa mjane akaing'oa nyoka, akaifunga katika gunia, akaiuza kwa Wafilisti, nao wakaitundika ukutani ipendeze. Gideoni naye alibomoa madhabahu ya nyumba ya baba yake mwenyewe, akahatirisha roho yake. Hakupata faida hata senti moja. Mtu akitaka kumfuata Gideoni, basi na ashughulike na nyumba yake, tena aipate hasara kwanza. Kuiba mali ya jirani na kuiuza ni jambo jingine, nalo lina amri yake katika zile kumi, wala amri hiyo haikuwekewa kando mali ya wasioamini.

Tena Maandiko yana habari nyingine ambazo ndugu zetu hawazisomi kwa sauti. Wana wa Israeli walipotoka Misri, Musa aliichukua mifupa ya Yusufu, ikabebwa jangwani miaka arobaini. Walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili watoto wa baadaye wakiuliza, waelezwe. Na Paulo alipofika Athene, mji uliojaa sanamu, moyo wake ulichomwa. Walakini hakuchukua nyundo. Alizunguka, akatazama, akasoma yaliyoandikwa juu ya madhabahu yao, kisha akaanza mahubiri yake papo hapo, kwa kitu walichokijua. Mhubiri asiyejua lolote la kaya ataanzia wapi?

Jambo hili lilijulikana na wale waliotuletea Injili. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika huko mkewe na mtoto wake mwaka huo huo. Na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walipanda Rabai, na wazee wa Rabai wakawapokea na kuwapa mahali. Krapf hakuwa mtu mpole juu ya desturi za wazee. Aliyoyachukia aliyasema waziwazi. Hata hivyo aliketi nao, akawauliza maneno, akayaandika. Injili ya Luka kwa lugha ya watu wa Rabai ilipigwa chapa Bombay mwaka 1848. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875, akarudi kwao karibu amepofuka. Na mwaka 1887, wote wawili wamekwisha kufa, kamusi ya lugha hiyo waliyoikusanya ikatolewa. Maneno yaliyomo humo hayakutoka Ulaya. Yalitoka vinywani mwa watu wa kaya, na mengine yaliyomo hata wajukuu wao hawayajui leo.

Nasi Wakristo twaipenda sana habari hii. Wageni wakija twawapeleka Rabai, twawaonyesha makumbusho ya Krapf, twasimama kimya kwa heshima. Vema. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo ziko kaya za Warabai, nazo zimo katika ile orodha ya mwaka 2008. Je, itakuwaje tutunze nyumba ya mgeni na kutamani nyumba ya mwenyeji ianguke? Kama wenyeji wasingalifungua mlango, mgeni angalilala nje.

Tena yako makosa ya hasira, na yako makosa ya kusahau. Katika Rabai na Frere Town wako watu wasio na kaya yoyote, kwa sababu babu zao walikuwa watumwa, waliookolewa baharini au waliotoroka mashambani wakakimbilia misheni. Siku ya kwanza ya Januari, mwaka 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Kumbukumbu za watu hao hazimo msituni. Zimo katika vitabu vya kanisa, vitabu vya ubatizo na ndoa na maziko. Tungependa kujua ni makanisa mangapi yanaweza leo kumwonyesha mjukuu jina la babu yake katika kitabu kisichotobolewa na mchwa. Wale wanaowahukumu wazee wa kaya kwa kutunza mno wangefanya vema kufungua makabati yao wenyewe.

Neno la kwamba kaya zife si jipya. Serikali ya Waingereza ililisema kabla yetu, na kwa baruti. Mwaka 1913 Wagiriama walitakiwa kutoa kodi na vijana wa kazi. Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijijini akiwakusanya watu, na viapo vikaapwa katika kaya. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi pwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakubwa wa Serikali wakailipua Kaya Fungo, wakidhani ya kuwa wakiuvunja mji watawavunja watu. Vita vikafuata, na nyumba zikachomwa, na watu wakafa. Kaya Fungo ingaliko. Kila Agosti watu hukusanyika upande wa Malindi kumkumbuka Mekatilili. Tumewasikia Wakristo wakiuita mkusanyiko huo ngoma ya mashetani, na wakubwa wa 1914 hawangalipata washuhuda bora kuliko hao.

Habari ya Mekatilili yatupa nafasi ya kuwaambia wazee nao neno, maana hatukuandika haya ili kuwapaka mafuta. Mabaraza yao ni ya wanaume. Mwanamke aliyewatikisa watu wote wa Giriama husifiwa katika sikukuu, kisha wajukuu wake wa kike huketi nje baraza linapokutana. Mama na bibi ndio wanaojua nyimbo za kulea, na majina ya majani, na ni nani aliyeoa wapi; nusu ya urithi imo vichwani mwao. Halmashauri isiyowauliza itahifadhi nusu, na nusu nyingine itazikwa pamoja nao. Tena wako wazee, si wengi, ambao wakipewa kitu kidogo hufumba macho gogo likitoka msituni. Na wako wanaojivika mavazi ya kaya ili wapigwe picha na wanasiasa wakati wa uchaguzi. Hao watajibiwa na wenzao. Sisi twashangaa tu ya kuwa Mkristo awaonapo wawili wa namna hiyo hulihukumu baraza zima, lakini aonapo mweka hazina wa kanisa amekula sadaka, husema kanisa ni la Mungu hata hivyo.

Lakini liko jambo zito kuliko yote, nalo hatuwezi kulisema kwa upole. Katika Kilifi na Kwale wazee wenye mvi wameuawa kwa mapanga, usiku, mara nyingi na watu wa nyumba zao wenyewe, kwa kusingiziwa uchawi. Wengine waliokimbia walipata kimbilio huko Kaya Godoma, katika Ganze, ndani ya ulinzi wa kaya ile tunayoambiwa ni makao ya uovu. Ukichunguza shauri moja moja, mara nyingi utakuta nyuma ya neno uchawi liko shamba. Mzee ana ekari zake, hataki kuuza. Kijana ataka pikipiki. Basi mvi zikawa ushahidi, macho mekundu yakawa ushahidi, kujua dawa za miti kukawa ushahidi.

Twawauliza ndugu zetu wahubiri: mnaposimama Jumapili na kusema ya kuwa kila kitu cha zamani ni uchawi, kila mti wa dawa, kila kaniki, kila mzee wa kambi, mwadhani kijana yule nyuma ya kanisa asikia nini? Ninyi mwakusudia roho yake iokoke. Yeye asikia ya kuwa babu yake ni adui wa Mungu. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikusema ya kwamba kwanza wabatizwe. Wenye kumbukumbu wenyewe wanauawa, nasi twashindana juu ya kumbukumbu.

Wako pia wenye ujanja zaidi, ambao hawana haja na uchawi wala Injili, bali waitaka ardhi. Hao hufurahi sana wakisikia Wakristo wakizitukana kaya, kwa kuwa kazi yao yafanywa bure. Upande wa Diani sehemu za kaya zimekwisha liwa na majengo. Katika Kwale kiko kilima cha Mrima, chenye msitu na kaya juu yake, na chini yake yamo madini ya niobiamu na mengine yanayotafutwa sana na viwanda vya dunia. Mwaka 2013 leseni ya kuchimba huko ilifutwa na Serikali, na mashauri yakafuata. Lakini madini hayakuondoka, nao wayatakao hawajaacha kuyatamani. Someni tena habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Nabothi hakumkatalia mfalme kwa ukaidi. Alisema ni urithi wa baba zake. Ndipo wakatafutwa washuhuda wa kumsingizia ya kuwa amemtukana Mungu. Shamba lilitwaliwa kwa njia ya mashtaka ya dini, na wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, yahesabu mahali patakatifu pa jamii kuwa miongoni mwa ardhi ya jamii. Sheria hiyo ni njema, lakini sheria haiendi msituni kwa miguu yake. Huhitaji watu wa kuidai, na Wakristo ni wengi katika vijiji hivyo; wakinyamaza, wazee watabaki peke yao.

Turudi kwenye vile vigango viwili. Vilirudi. Mwaka 2007 vilikuwa vimekwisha rejeshwa kwa jamaa ya mzee yule, kwa sherehe. Na tukumbuke ya kuwa Hampton, iliyokuwa na kimoja, ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa msaada wa wamisionari, kwa ajili ya Waafrika waliotoka utumwani. Nacho kilikubali kurudisha. Kisha makumbusho ya Denver yakatangaza mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na kwa sababu ya karatasi na ushuru na mashauriano vikafika Kenya mwaka 2019. Mwaka 2023 makumbusho ya Illinois yakarudisha 37. Waliopigania mambo hayo walikuwa wataalamu wachache, na watu wa Makumbusho ya Taifa, na wazee wa kaya, na chama cha utamaduni cha Malindi kiitwacho MADCA. Hatujasikia sinodi yoyote iliyoandika barua.

Na sasa ndipo hasara yaonekana. Vingi vya vigango vilivyorudi havijulikani vilitoka nyumba gani. Mwizi hakuandika jina, mchuuzi hakuuliza, tajiri hakujali. Vimefika nchini, lakini haviwezi kufika nyumbani, maana hakuna anayejua ni nyumba ipi. Makumbusho yanaweza kuvitunza na kuvionyesha watoto wa shule, na hilo ni jema. Lakini kitu kilichosimikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye jina, na mke, na ng'ombe, na ugomvi wake na jirani, sasa kimekuwa namba katika orodha. Wako wazee ambao wakiitazama nakshi waweza kusema, mkono huu ni wa fundi fulani, wa mahali fulani. Wako wachache, nao ni wakongwe.

Hapo ndipo twamtaka mwalimu. Mwalimu wa kijiji ana daftari, ana kalamu, na wengi siku hizi wana simu ya kupiga picha. Halmashauri za wazee zina kumbukumbu, hazina mwandishi. Na aende kwa katibu wa kaya iliyo karibu, ajitambulishe kuwa ni Mkristo, asifiche, aseme ya kuwa hatatambika wala hatakunywa, ila ataandika. Hatafukuzwa, wazee hawa wamewapokea wageni wa namna nyingi tangu 1846. Aandike kwa lugha ya mzee mwenyewe kwanza, kisha kwa Kiswahili. Vigango vilivyobaki vijijini vipigwe picha mahali vilipo, na jina la aliyesimikiwa liandikwe, ili kikipotea kesho kijulikane popote kitakapoonekana. Orodha moja ikae kwa wazee, na moja kwa Makumbusho. Na zisibandikwe hadharani mahali vilipo, kwa sababu mwizi naye ajua kusoma. Na padre au mchungaji wa mahali afungue kabati la vitabu vya kale, avipunge hewa, aviweke mahali pasipovuja.

Asiyejua aanzie wapi, na aulize maneno matatu tu siku ya kwanza: mlango wa kaya ulitazama upande gani, ni nyumba ya nani iliyokuwa ya mwisho kuhama, na yule mti mkubwa ulio njiani huitwaje kwa lugha ya zamani.